Mama wa miaka 79 amevunjika nyonga: sindano ya mgongo au nusu kaputi?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu mzazi ana miaka 79. Jumamosi jioni aliteleza barazani kwake Tukuyu, mvua ilikuwa imelowesha sakafu, na tangu hapo hajasimama. Tulimleta Mbeya mjini, na eksirei ikaonyesha kuwa shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Leo ni Jumatatu, na upasuaji umepangwa Jumatano. Mtaalamu wa usingizi amesema atamchoma sindano ya mgongo. Shangazi anasema sindano hiyo ilimharibu mgongo binti yake alipojifungua kwa upasuaji; kaka yangu aliye Dar es Salaam anataka mama apewe nusu kaputi ili asisikie nyundo; mjomba naye anasema mzee akilazwa kwa dawa haamki, heri tumrudishe kijijini kwa anayeunga mifupa. Mama anatumia vidonge vya presha, amlodipini na losatani, presha yake wodini ni 168 kwa 92, na ana kikohozi cha miaka mingi. Ipi ni salama kwake, na sisi tufanye nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Naona ukoo mzima umejigawa juu ya dawa ya kumlaza mama, lakini ningekuwa nimeketi nanyi hapo wodini ningeuliza kwanza kwa nini upasuaji ni Jumatano na si kesho. Mzee aliyevunjika nyonga haanzi kuwa hatarini anapoingia chumba cha upasuaji. Ameanza tangu alipoanguka. Anaumia, kwa hiyo hageuki kitandani. Anaogopa kuwekewa chombo cha haja, kwa hiyo hanywi maji. Hapumui kwa kina, kwa hiyo sehemu za chini za mapafu hufungana na kukaribisha nimonia. Damu hutuama miguuni na inaweza kuganda. Na ngozi ya kisigino na ya makalio huanza kuwa nyekundu mapema kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo maana nchi nyingi huwataka madaktari wake wawafanyie wagonjwa hawa upasuaji ndani ya saa 36 au 48. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi 17, wenye wagonjwa karibu 3,000, uliolinganisha upasuaji wa saa chache baada ya kugunduliwa mvunjiko na ule wa kusubiri takriban siku moja. Vifo havikutofautiana, lakini waliowahishwa walichanganyikiwa akili kwa uchache zaidi na walisimama mapema zaidi. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana usiku wa manane, ila kila siku inayopita bila sababu ya msingi ni hasara kwa mama.

Muulize daktari, kwa adabu, ni nini kinachosubiriwa. Ikiwa ni damu, kipandikizi au nafasi ya chumba, pengine mnaweza kusaidia kukiharakisha. Ikiwa ni presha, soma hapa chini.

Kuhusu mjomba, simbezi, wala siwabezi wanaounga mifupa. Tatizo liko kwenye mfupa wenyewe. Shingo ya paja imezama ndani ya kiungo, chini ya misuli minene, mahali ambapo ubao au mwanzi wa kufungia hauwezi kukamata kitu, na mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupanda kwa kufuata shingo ile ile iliyovunjika. Ncha zikishasogea, kichwa hukosa damu na mara nyingi hakiungi hata kwa kusubiri miezi. Nilishampokea mzee mmoja kutoka upande wa Makete akiwa na siku 11 tangu aanguke, amefungwa vizuri kabisa kwa mianzi kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu, kazi ya mtu anayejua kufunga. Lakini kisigino chake kilikuwa kimeoza hadi kwenye mfupa, na alikuwa akipumua mara 30 kwa dakika. Tulihangaika na mapafu kabla ya kufikiria nyonga. Ni kweli wapo wagonjwa wachache ambao hali yao ni mbaya kiasi kwamba upasuaji hauna faida, na hao hutulizwa maumivu na kutunzwa kwa heshima. Kwa ulivyonieleza, mama yako hayumo katika kundi hilo.

Sasa sindano au nusu kaputi. Kwa miaka mingi sisi wenyewe wa fani hii ya usingizi tuliamini kwamba ganzi ya mgongo huwaokoa wazee kuliko usingizi kamili, yaani nusu kaputi, na wengi wetu tulifundishwa hivyo. Baadaye zilikuja tafiti mbili nzuri. Ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2021, iliwahusisha wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada waliovunjika nyonga; baada ya siku 60, waliofariki au walioshindwa kutembea walikuwa takriban 18 kwa kila 100, kundi la ganzi na kundi la usingizi sawia. Ya pili, ya China, ilitoka mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa 950 wenye miaka 65 na zaidi, ikakuta kuwa kuchanganyikiwa akili baada ya upasuaji hakukutofautiana kati ya njia hizo mbili. Jibu la kweli kwa familia yako, basi, ni kwamba njia zote mbili ni salama zikiwa mikononi mwa mtu anayezifahamu, na mwenye kuijua moja vizuri zaidi aachwe aitumie hiyo.

Hata hivyo, mama angekuwa wangu, kwa Mbeya na kwa kikohozi hicho, ningekubaliana na mwenzangu wa hapo wodini. Mji wa Mbeya uko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina msukumo mdogo kuliko ya pwani. Kijana mwenye afya haoni tofauti. Bibi aliyepika kwa kuni miaka 60 ndani ya jiko lililofungwa kwa sababu ya baridi ana mapafu ambayo, hata kama hajawahi kugusa sigara, yanafanana na ya mvutaji. Ganzi ya mgongo inamwacha apumue mwenyewe, akohoe mwenyewe, na haingizwi mrija kooni. Akipewa usingizi kamili huenda akahitaji uangalizi wa karibu zaidi baadaye, na vitanda vya uangalizi maalumu havipatikani kila siku.

Hapa nizungumze na shangazi, kwa sababu hofu yake ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi. Uti wa mgongo wa mtu mzima hukomea karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano yetu huingia chini ya hapo, kwenye nafasi ya pingili ya tatu na ya nne, ambako kuna mfuko wa maji wenye nyuzi za neva zinazoelea, zinazoweza kusogea sindano inapopita. Mgonjwa huketishwa, miguu ikining'inia ukingoni mwa kitanda, akumbatie mto. Kwa mwenye nyonga iliyovunjika kuketi huko ndiko kugumu, kwa hiyo kabla ya kumgeuza tunamchoma ganzi kwenye kinena, karibu na neva ya paja, au tunampa kidogo ketamini, dawa ya kuondoa maumivu, na baada ya hapo anaweza kukaa akizungumza. Kwa kidole gumba natafuta pengo kati ya mifupa. Mgongo wa mzee umekauka. Sindano hukwaruza, huhisi kama inapenya ganda, wakati mwingine lazima niitoe na kuiingiza kwa pembeni kidogo. Kisha mkono unahisi imelegea, na tone moja la maji maangavu linachungulia kwenye kichwa cha sindano. Hapo ndipo dawa huingia: kwa mwanamke wa umri wa mama yako, mililita 2 za bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, au pungufu. Kipimo cha kijana kingeiangusha presha yake. Dakika chache baadaye namgusa pajani kwa pamba yenye spiriti na kumuuliza kama ni baridi. Akisema hasikii ubaridi, tunaanza.

Binti wa shangazi inawezekana kabisa aliumwa mgongo, lakini wengi huumwa mgongo baada ya kuzaa hata wasipochomwa. Kichwa kikali kinachouma ukikaa na kupoa ukilala ndicho kinachotokana hasa na sindano, kwa sababu maji huvuja kupitia tundu lililobaki. August Bier, Mjerumani aliyeianzisha njia hii mwaka 1898, alijaribiwa yeye mwenyewe na akakipata kichwa hicho. Huwapata zaidi vijana, hasa wanawake waliojifungua. Kwa wazee ni nadra. Kupooza kwa kudumu kunaweza kutokea, sitaficha, lakini ni nadra mno, na hatari hiyo huongezeka kwa mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Kwa hiyo mkumbukeni vizuri: kama mama amewahi kuandikiwa klopidogreli au warfarini kwa sababu ya moyo au kiharusi, mwambieni mtaalamu wa usingizi leo hii, hata kama vidonge vimebaki nyumbani Tukuyu na jina mmelisahau, tumeni mtu apige picha ya pakiti. Aspirini peke yake haituzuii.

Jambo la pili ambalo lingenifanya niache sindano ni mlango wa moyo uliobana. Kwa baadhi ya wazee, vali inayotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini hukakamaa. Ganzi ya mgongo hulegeza mishipa ya damu ya miguu kwa ghafla, presha inashuka, na moyo wenye mlango mwembamba hauwezi kufidia. Je, mama aliwahi kuzimia akipanda mlima au kubanwa na kifua akibeba ndoo? Na kabla ya kuanguka barazani, aliteleza kweli, au alipata kizunguzungu kwanza? Swali hilo watu hulisahau kwa sababu sakafu ilikuwa na maji. Daktari atamsikiliza kifua. Akisikia mvumo wa moyo ataomba kipimo cha eko, yaani picha ya moyo, lakini isiwe kisingizio cha kungoja wiki.

Kaka yako naye anastahili jibu. Nyundo mama ataisikia, kwa mbali, kama mtu anayegonga chumba cha pili, na atahisi mwili ukitikiswa, maumivu hatayahisi. Tunaweza kumpa dawa kidogo ya kumsinzisha. Kidogo, nasisitiza, kwa kuwa mzee akisinzishwa sana anakuwa katika usingizi kamili bila mtu wa kulinda njia yake ya hewa, na hiyo ni mbaya kuliko zote mbili. Kinachofanya kazi zaidi ya dawa ni mtu aliyeketi kichwani kwake akimsemesha. Mara nyingi muuguzi wetu Mnyakyusa huanza kwa "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, na bibi aliyekuwa ameng'ang'ania ukingo wa kitanda huachia mkono.

Ikitokea lazima apewe nusu kaputi, basi ajue kaka kwamba si dozi ya Dar ya kijana wa bodaboda. Mahitaji ya dawa ya usingizi ya kuvuta kwa pumzi hupungua takriban asilimia 6 kwa kila miaka 10 baada ya umri wa miaka 40, na ile ya kuchomwa kwenye mshipa, kwa kuwa damu ya mzee huzunguka polepole, huchelewa kufika kichwani. Asiye na subira huongeza ya pili kabla ya kwanza haijafanya kazi, kisha wote mnaangalia presha ikiporomoka. Meno ya bandia yatolewe, lakini yakabidhiwe mtu wa familia anayejulikana, maana hupotea kuliko simu.

Turudi kwenye presha. Hiyo 168 kwa 92 isiwe sababu ya kuahirisha. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana katika kazi hii, nilimwahirisha bibi mmoja kwa sababu presha yake ilisoma 176 kwa 98. Nikaandika kwenye faili, kwa mwandiko mzuri, kwamba arudishwe presha ikitulia. Alikuwa na mfupa uliovunjika na hajapewa kitu cha maana cha kutuliza maumivu, nami nilitaka presha itulie. Siku ya nne ilikuwa nzuri, 140 kwa 80, lakini mapafu yalikuwa yamejaa. Hakufika chumba cha upasuaji. Tangu hapo, mzee wa nyonga akiwa chini ya 180 kwa 110 simwahirishi kwa namba hiyo pekee, na hata akizidi kidogo kwanza nauliza amepewa nini cha maumivu. Mama apewe parasetamoli kwa saa, si mpaka aombe, na ile ganzi ya kinena ikiwezekana tangu leo. Diklofenaki ambayo ndugu hununua duka la dawa kwa nia njema msimpe. Figo za umri huo, zilizokauka kwa kutokunywa maji, haziihimili, na losatani huongeza mzigo huo. Asubuhi ya upasuaji, kwa kawaida, amlodipini humezwa kwa funda la maji, na losatani huachwa siku hiyo kwa sababu pamoja na ganzi ya mgongo inaweza kuishusha presha kwa ukaidi. Thibitisheni na mtaalamu wa hapo.

Kufunga kula ni jambo linalowatesa wazee bila sababu. Ugali, ndizi, maziwa na hata uji viachwe saa 6 kabla; uji ni chakula, hata uwe mwepesi namna gani. Lakini maji na chai ya rangi isiyo na maziwa vinaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Mgonjwa anayeambiwa asiweke kitu kinywani tangu saa sita usiku, kisha jina lake likawa la mwisho kwenye orodha na akaingia alasiri, anafika kwangu mishipa imelala, ulimi umekauka na akili imeanza kuyumba. Ombeni awe wa kwanza kwenye orodha. Hakuna anayechukia ombi hilo. Kama haiwezekani, aulizwe mtaalamu aruhusu chai ya alfajiri na awekewe dripu.

Damu: upasuaji huu humwaga damu, na kabla ya hapo mvunjiko wenyewe hutoka damu ndani, hasa ukiwa chini zaidi ya shingo, kwenye vifundo vya juu vya paja, ambako lita nzima inaweza kujificha bila kuonekana. Kipimo cha siku ya kwanza hudanganya, kwa kuwa damu iliyobaki haijachanganyika na maji ya dripu, ombeni kirudiwe. Ndugu wenye miaka kati ya 18 na 65 wajitokeze kuchangia kabla ya Jumatano, si asubuhi hiyo hiyo huku wakitafutana kwa simu.

Na baridi. Kwa hali ya hewa ya Mbeya, Njombe na Makete, hasa Juni na Julai, chumba cha upasuaji ni cha baridi na chupa za dripu ni baridi, na ganzi ikifungua mishipa ya miguu joto la mwili wa mzee hutoka kama maji kwenye gunia. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 36, damu huganda kwa shida, kidonda hupona kwa shida, na kutetemeka hula oksijeni ambayo mapafu yake hayana ya kupoteza. Leteni blanketi zito, soksi na kofia ya sufu. Vinaonekana vitu vidogo, nasi tunavihitaji kweli.

Kama atawekewa kichwa cha bandia cha mfupa wa paja kinachoshikizwa kwa saruji ya mfupa, kuna dakika chache ambazo sisi wote tunanyamaza: saruji ikisukumwa ndani ya paja, mafuta na uchafu wa uboho vinaweza kusukumwa hadi kwenye mapafu, oksijeni na presha zikashuka kwa ghafla. Daktari wa mifupa hutangaza kabla ya kuiingiza, nami naongeza oksijeni na kuweka dawa ya kupandisha presha mkononi. Waulizeni kama watatumia saruji, ili mjue tu kwamba hilo limefikiriwa.

Mjomba anasema mzee haamki. Ana sehemu ya ukweli na nisingependa mumzomee: hata Uingereza, wanakohesabu kila nyonga iliyovunjika, wagonjwa kati ya 6 na 8 kwa kila 100 hufariki ndani ya siku 30, na ndani ya mwaka ni robo au zaidi. Wengi wao huamka vizuri tu, kisha huondoka kwa nimonia, moyo au udhaifu uliokuwapo kabla. Ungeni mkono upasuaji mkijua hivyo, na mama mwenyewe aulizwe. Nimeona mara nyingi familia inajadili mlangoni, na bibi aliye na akili timamu yuko kitandani akisikia kila neno wala hakuna aliyemgeukia.

Usiku wa kwanza na wa pili baada ya upasuaji, anaweza kuchanganyikiwa: kuita watu waliokufa, kuvuta mpira wa mkojo, kukutuhumu wewe kwamba umemwibia. Si urogi, na kwa wengi hupita kwa siku chache. Wodi ikiruhusu ndugu mmoja, akae yule anayezungumza naye kwa lugha ya nyumbani, mwenye miwani yake mfukoni, atakayemwambia ni siku gani na yuko wapi, atakayemnywesha maji kidogo kidogo na kumkumbusha kuvuta pumzi kwa kina na kukohoa. Msiombe dawa ya kumtuliza kama diazepamu; humzidishia. Kuchanganyikiwa kukija ghafla pamoja na homa, kuhema, mkojo kukatika au maumivu makali, aitwe muuguzi usiku huo huo. Asubuhi ya kwanza akitakiwa kuketi kwenye kiti, na pengine kusimama kwa fremu akiwa ameshikwa pande mbili, asiachwe alale kwa kuonewa huruma. Wewe ukae upande wa mguu mzima, mkono mmoja chini ya kwapa, na umwache aukanyage mguu uliofanyiwa upasuaji kwa kadiri daktari wa mifupa alivyoruhusu.